Mbuzi Aliyevunja Kafyu

Njambi wa Ruiru alikaa miaka minne bila kugusa nyama, na haikuwa kwa ajili ya dini wala ugonjwa wa tumbo. Ilikuwa kwa ajili ya Kagwe.

Mwaka wa 1954, serikali ya kikoloni ilipowahamishia watu kijiji kilichozungushiwa handaki, Njambi alikwenda na mbuzi wake mmoja, dume la ndevu nyeupe alilolinenepesha kwa maganda ya ndizi. Jioni moja Kagwe, hedimani aliyewekwa na wazungu kusimamia kijiji, alimkuta mbuzi huyo njiani, firimbi ya kuwafungia watu ndani imeshalia.

"Huyu amevunja kafyu," akasema, akamtia kamba.

Kesho yake mbuzi akachinjwa kwa Kagwe, na Njambi ndiye aliyeitwa kupika supu. Alipomaliza akatupiwa mfupa.

"Guguna, mama. Hiyo githeri yako ni chakula cha punda."

Mfupa aliuacha mavumbini. Tangu hapo asubuhi alikula nduma na uji wa wimbi. Mchana, kwenye shamba la kahawa, githeri yake ya mahindi na maharagwe. Jioni mukimo wa ndizi za kuponda, au mboga ya managu na maharagwe meusi ya njahi. Karamuni akiulizwa mbona hali nyama, alijibu, "Sipokei nyama mpaka Kagwe aseme mbele ya watu mbuzi wangu alikosa nini." Wakacheka, wakasahau. Yeye hakusahau.

Mwaka wa 1958 Kang'ethe, mwana wa Kagwe, akaja kumposa Gathoni, binti ya Njambi. Njambi alimpenda kijana yule. Aliyekuwa akimngojea ni baba yake.

Siku ya posa Kagwe alileta mbuzi wanono na wazee wa rika lake kutoka Thika. Kwa desturi ya ukoo wa Njambi, hakuna atakayeonja kabla mama wa msichana hajapokea pande la kwanza. Pande likaletwa. Njambi akafunua kibuyu chake cha githeri, akaanza kutafuna polepole.

"Mama Gathoni, pokea, nyama inapoa," mzee mmoja akasema.

"Muulizeni mwenye nyama. Anajua ninachongoja."

Mafuta yakaanza kuganda kwenye majani ya mgomba. Wazee wote wakamgeukia Kagwe.

"Nilichukua mbuzi wake," akanong'ona.

"Sauti, Hedimani," Njambi akasema. "Ile ya firimbi. Alikosa nini?"

"Alivunja kafyu."

Mzee mmoja wa Thika akauliza kwa upole, "Kwani mbuzi alikuwa na saa?"

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Njambi akapokea pande, akampa jirani yake Waceke, akarudi kwenye githeri.

"Si amesema? Sasa kula," Waceke akamnong'oneza.

"Nikila, nani ataniuliza tena kwa nini sili?"

Gathoni akaolewa vizuri. Kagwe naye, hata akina mama wa sokoni Thika walimwita Bwana Kafyu. Na kila karamu aliyokwenda alimkuta Njambi ameshakaa, kibuyu magotini, akingoja mgeni wa kumuuliza.