Sahihi Thelathini na Moja

Maji ya kisima cha Arvella Stallworth yalianza kunuka mayai viza mwaka 1996, mwaka ule ule aliostaafu upishi wa shule. Alichemsha, akachuja, akachemsha tena. Mwishowe akawa ananunua ya kunywa kwa madumu. Ng'ambo ya barabara, hatua hamsini tu, lilipita bomba la mji. Kule ni mjini, kwake ni shamba.

"Bomba halivuki mpaka wa mji, Bi Arvella," alisema Darlene, karani wa baraza la mji. "Ila ukiomba shamba liingizwe mjini, likikubaliwa, maji yatakufuata. Mambo ni matatu. Ardhi iguse mpaka. Kuwe na ramani. Na wenye ardhi wote watie sahihi."

"Mwenyewe ndiye mimi."

Darlene akaigeuza hati ya shamba. "Hapa pameandikwa Cephus Stallworth."

"Babu yangu huyo. Kafa mama yako hajaota meno."

"Basi warithi wake wote."

Cephus hakuacha wosia, wala wanawe hawakuacha. Watu weusi wa sehemu ile ya Alabama waliikwepa mahakama. Wengi wa rika lao waliingia mle na shamba, wakatoka mikono mitupu. Waliamini ardhi isiyogawanywa haiibiki, kwa kuwa ni ya ukoo mzima. Kwa hiyo eka zote kumi na nne za shamba lile zilikuwa za kila mwenye damu ya Cephus, popote alipo.

Arvella akawasaka kupitia Biblia za familia na vijitabu vya mazishi vyenye majina ya jamaa. Akapata thelathini na mmoja, yeye akiwemo. Wengine wote aliwaandikia barua kwa mkono wake: *Nawe una sehemu katika shamba la babu. Sikuombi kitu ila sahihi.*

Julai ukoo ulipokutana, alipita na karatasi kati ya mbavu za kuchoma na sahani za viazi.

"Shangazi, nikitia sahihi, bomba litanifikia Detroit?" Roscoe akamtania.

"Litakalokufikia ni mwiko wa kichwa. Tia hapa, na usinipakie mafuta."

Wasiofika walituma kwa posta. Kufikia Oktoba amebaki mmoja: Lonzo wa Cleveland, aliyeondoka pale akiwa na miaka minne. Arvella akampigia simu.

"Barua nimeipata, dada," alisema Lonzo. "Asante sana. Wallahi sikujua kama nina kitu huko."

"Na sahihi yangu je?"

Lonzo akakohoa. "Niliulizia shamba la huko lina thamani gani. Akanijia bwana mmoja wa kampuni ya kujenga nyumba. Nimemuuzia. Fungu langu tu, dada, kadogo."

"Lonzo."

"Kadogo kweli. Lako sijaligusa."

Lakini mwenye fungu dogo kuliko yote aliweza kuiomba mahakama igawe ardhi, na isipogawanyika, iuzwe yote. Kampuni ikaomba. Arvella, aliyeikwepa mahakama maisha yake yote kama wazee wake, akasimama mbele ya hakimu, yeye pamoja na jamaa kumi na wanne waliosafiri usiku kucha. Hakimu hakuwa mkali. Alisema tu kwamba eka kumi na nne hazikatiki vipande thelathini na kimoja. Shamba likanadiwa kwenye ngazi za mahakama asubuhi ya Jumatano. Kampuni ikanunua.

Arvella alirudiarudia maneno ya barua yake kichwani. Miaka yote ile Lonzo hakujua. Nani aliyemjulisha?

Machi, baraza la mji lilikutana. Arvella alikaa safu ya nyuma. Darlene akasoma ombi la kampuni bila kuinua macho: ardhi inagusa mpaka, ramani imeambatishwa, mwenye ardhi ni mmoja, sahihi ni moja.

"Kuna mwenye pingamizi?" mwenyekiti akauliza.

Arvella akasimama.

"Jina na anwani, mama?"

Jina akalitaja. Anwani hakuwa nayo tena. Alikuwa akilala kwenye kochi la binti yake.

"Anwani, mama?"

Akakaa. Mikono mitano ikanyooshwa, na ombi likapita.