Bati Hubebwa, Sakafu Hubaki

Mke wangu alitaka kitu kimoja tu kabla uzee haujatumaliza: nyumba yake mwenyewe, yenye baraza. Fursa ya kwanza niliipoteza mimi. Nilinunua kiwanja upande wa Geita, kwenye machimbo mapya ya dhahabu, kwa sababu mtaa mzima ulimeta mabati na nyama ilichomwa tangu asubuhi. Nikasema, hapa pana wenye nazo. Dhahabu ilipotoka kwingine, majirani walipanda juu, wakang'oa mabati yao, wakayapakia kwenye malori, wakaifuata dhahabu. Tukabaki na kiwanja katikati ya mashimo, na mbuzi wa mtu.

Mwaka huu binti yetu, ambaye kazi yake ni takwimu, alikuja kwetu Kahama na ramani ya mitaa iliyopakwa rangi kufuata hali ya maisha: paa, sakafu, maji, choo, watoto walio shuleni. Mimi nikakimbilia rangi za paa.

"Hapa! Bati tupu!"

"Baba, bati tena?"

Mke wangu alicheka hadi akashika ukuta. "Mwache. Huyu akiona bati ni kama ng'ombe aliyeona chumvi."

Binti akanionyesha mtaa mmoja pembeni mwa kata ya Nyasubi. Kwa paa ulikuwa wa kawaida sana, lakini sakafu karibu zote ni za saruji na watoto wengi wanasoma. Tukaenda kuuona. Nilinung'unika njia nzima: nyumba fupi, baa hakuna, hata harufu ya mshikaki hakuna.

Mlango wa kwanza tulimkuta mwanamke wa rika letu akipiga deki.

"Habari za hapa, mayu," mke wangu alimwamkia, akimwita mama kwa heshima ya Kisukuma. "Mmekaa siku nyingi?"

"Nimezalia humu. Wajukuu ndio hao wanatoka shule."

"Na dhahabu ikitoka huko mbali?"

"Wanaume wanakwenda, wanarudi. Mimi niende wapi? Sakafu hii niibebe kichwani?"

Mke wangu alinitazama tu, nami nikatazama viatu vyangu.

Sasa tunajenga jirani naye. Fundi aliagizwa amwage zege la baraza kwanza, hata kuta hazijafika dirishani, na jioni bibi huyo huja na kigoda chake wakae na mke wangu. Bati bado. Nimeambiwa siku ya kununua nitakwenda dukani, ila kazi yangu itakuwa kubeba.