Giza la Macho

Nilipokuwa mtoto, katika fleti yetu ya Hyattsville, Marekani, hakuna aliyethubutu kusema hapendi maini mbele ya Bibi. Bibi, mama yake mama, alitufikia kutoka Tanga mwishoni mwa miaka ya tisini, msimu ule jua linazama watoto hata viatu vya shule hawajavua. Jua la uvivu namna hiyo hakulizoea. Wiki ile ile akamwona mdogo wangu Zuhura akijikwaa magharibi kwenye ngazi za nje, akashika kifua.

"Mtoto huyu haoni jioni," alimwambia mama. "Ana giza la macho."

Taa ya ngazini ilikuwa imeungua siku nyingi na mwenye nyumba hajali. Sote tulijikwaa pale. Lakini nani angembishia Bibi? Mtoto wake wa kwanza, Mwanaisha, alianza hivyo hivyo, jioni haoni, kisha surua ikammalizia macho. Bibi alimshika mkono mpaka siku aliyomzika. Kwao waliamini giza la macho lisipotibiwa hupanda kichwani likaifunika akili, na dawa yake ni maini.

Basi kila magharibi alichemsha maini ya ng'ombe, akamfunika Zuhura kanga juu ya sufuria afukizwe ule mvuke, kisha akamlisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge. Mimi nilipewa kipande cha kunifunga mdomo. Harufu ikahamia kwenye makoti yetu, tukaenda nayo shule. Mama alikuwa akihudumia wazee kule Rockville, anarudi hoi, hakutaka ugomvi. Tena akasoma kwenye chupa dukani kwamba vitamini A ni nzuri kwa macho, akanunua vidonge na mafuta ya samaki juu yake. Kila mtu alichangia, na kila mtu kwa mapenzi.

Kabla baridi haijaisha Zuhura akaanza kulalamika kichwa. Midomo ikampasuka, viganja vikambambuka, asubuhi anatapika. Kawaida ukimsemesha Kiswahili hukujibu Kiingereza, lakini siku moja alinijia na Kiswahili chake kibovu.

"Dada, nakuona wawili."

Bibi aliposikia alimgeuza uso kwenye taa. Akasema giza limeshapanda kichwani. Akaongeza maini.

Mwalimu ndiye aliyempigia mama simu kwamba mtoto haoni ubao. Hospitali walimmulika ndani ya macho, wakamchoma sindano mgongoni kupima presha ya yale maji yanayouzunguka ubongo. Daktari, mama mmoja mpole, akauliza Zuhura anakula nini. Mama alipomaliza kueleza, daktari aliweka kalamu chini. Alisema macho, ubongo na mishipa ya fahamu inaihitaji vitamini A, na mtoto akiikosa anaweza kupofuka. Ila ikizidi, mwili hushindwa kuitoa. Presha ya kichwani hupanda, ikaubana mshipa unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo. Zuhura hakuwa amepungukiwa tangu mwanzo.

Mama alimtafsiria Bibi polepole, akipunguza makali. Bibi hakudanganyika.

"Yule alikosa," alisema. "Huyu nimemlisha mimi."

Maini na vidonge vilipokoma, kichwa kilipoa. Macho hayakurudi yote. Zuhura anaona mbele, pembeni kumezimika.

Bibi alirudi Tanga majira ya joto yalipoingia. Kila tulipompigia simu, hata shikamoo hajaitikia, anauliza, "Anaona?" Aliuliza hivyo mpaka alipofariki.

Nilimkasirikia miaka mingi, sitaficha. Sasa nina watoto wangu, na hasira imeniisha, imebaki huzuni tu. Bibi hakuwa mjinga. Maini yale yangeweza kumwokoa Mwanaisha, laiti yangepatikana. Yalipatikana huku, kwa bei ya kutupa, akampa mtoto ambaye hakuwa na njaa nayo. Kinachoniuma ni kwamba dawa yake ilikuwa ya kweli.

Taa ya ngazini kwangu haizimwi. Zuhura akija jioni namsikia akipanda, mkono ukipapasa ukuta.