Bois Iliyovaa Kiatu cha Chukudu

Mwezi uliopita nilirudi Butembo kwa barabara ya Beni, mfuko wangu wa fimbo za golf ukiwa kwenye kiti cha nyuma, umefungwa mkanda kama abiria. Kwenye kizuizi kimoja askari aliinama dirishani, akauangalia mfuko, kisha akaniangalia mimi.

"Mama, hii unabeba ni nini?"

"Fimbo za golf, chef. Mimi ni injinia." Huwa nalisema hilo mapema.

"Fungula."

Nikafungua. Akavuta ile yenye kofia ya sufu, akaivua kofia, akagonga kichwa chake kwa ukucha. Nikamwambia inaitwa bois, yaani mbao, namba tatu.

"Mbao? Lakini hii ni chuma, mama. Ku masomo yako ya uinjinia hapana walikuonyesha mbao?"

Dereva wangu alicheka mpaka akakohoa. Nikamweleza askari kwamba zamani vichwa vya fimbo hizi vilichongwa kwa mbao kweli, na jina limebaki. Hakuamini. Lakini wewe rafiki yangu utaniamini, kwa sababu nilipiga moja kwa mikono hii nikiwa mtoto, na ilikuwa imevaa kiatu.

Kwanza nikwambie nilikofika, maana sioni aibu. Mimi ni binti wa muuza makabichi wa Kimemi, na wa kwanza katika mtaa wetu kuleta diploma ya ujenzi wa barabara. Kampala nina ofisi yenye jina langu mlangoni. Jumapili baada ya misa nacheza golf na watu ambao madereva wao wanawasubiri kivulini, na wengi wao nawashinda. Tukikaa kunywa chai baada ya mchezo, tunazungumza bois tu. Ndiyo fimbo ndefu unayoishika mpira ukiwa umelala kwenye nyasi na shimo bado liko mbali. Daktari mmoja anaapa kwa namba tano, anasema inanyanyua mpira kama mkono wa mama. Mfanyabiashara wa saruji anabeba namba saba, na akiwekewa namba tatu mbele yake anaikimbia. Jaji mstaafu anapenda namba tatu: anapiga kumi, moja inaruka vizuri, na hiyo moja anaisimulia wiki nzima.

Na yangu? Ya bei kubwa, nyeusi, nyepesi kama ungo. Kwa miezi mitatu ilikuwa inanichimbia viazi. Kila pigo, donge la udongo linaruka mbele na mpira unabaki unalitazama. Niliingia Butembo nikiwa na aibu hiyo, na askari yule, bila kujua, akanikumbusha dawa yake.

Nilipokuwa mtoto, nje kidogo ya mji, juu ya shamba la chai la zamani, kulikuwa na uwanja wa golf wa mashimo matano. Wenye shamba walikuwa wameondoka kabla sijazaliwa. Mwalimu wetu wa darasa la sita aliokota katika nyumba yao fimbo tatu: moja ya chuma, moja fupi ya kusukumia mpira shimoni, na bois. Ah, ile bois. Kichwa chake kilikuwa na rangi ya asali ya msituni, na chini yake bamba la shaba lililokazwa kwa skrubu. Mwalimu aliipaka mafuta ya mawese kila Ijumaa, na ukiinusa ulisikia njaa.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya pamoja. Ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai, sisi watoto tulipanda kilima na kupekupe zetu za kukatia nyasi, mifukoni tumebeba viazi vitamu vya moto vya kutupasha mapaja. Tulikata, kondoo wa parokia wakamalizia, na mikaratusi ikatudondoshea majani yenye harufu ya dawa ya kikohozi. Mashimo yalikuwa makopo ya maziwa ya unga yaliyozikwa. Aliyekata vizuri aliruhusiwa kupiga mipira mitatu. Mimi nilikata kama mashine, kwa hiyo nilipiga sana, na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa katika timu ya wanne, msichana peke yangu. Mwalimu alikuwa na sheria moja: "Mwenye kuvunja bois, anarudia kupekupe. Fimbo hapana kugusa tena."

Unaona tunakokwenda.

Mwalimu mwenzake wa Beni naye alikuwa na watoto wake na fimbo zake chache, na tulipanga mechi ya Jumamosi. Upande utakaoshindwa ulishe ule mwingine samaki wa Kyavinyonge, kule ziwani. Jumatano mwalimu aliniachia bois nifanye mazoezi nyumbani, heshima ambayo hakuna mvulana aliyewahi kuipata. Pigo la nne nikapiga jiwe lililojificha chini ya nyasi. Kichwa kikapasuka vipande viwili, kama boga.

Sikulia. Nilifunga vipande na mpini katika kitenge cha mama nikaenda kwa jirani yetu, tuliyemwita tata, yaani baba, mchongaji wa chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali zinazobeba makabichi yetu kuteremka mlima. Nilijua kwamba hakuna mtu Butembo anayeijua mbao kumzidi. Sikufikiria kwamba golf hajawahi kuiona.

Aligeuza vipande mkononi. "Kavira," akaniita, jina la kila binti anayezaliwa wa pili kwetu, "hii inafanya kazi gani?"

"Inapitaka ku majani, tata. Inapiga mupira."

"Inagusa udongo?"

"Kidogo."

Akaitikia kwa kichwa. Siku mbili alichonga kwa mkaratusi mkavu, ule ule wa magurudumu, na kichwa kikatoka sawa kabisa na cha kwanza. Ijumaa jioni akanikabidhi. Bamba la shaba halikuwapo. Mahali pake, kwa misumari midogo iliyopangwa kama meno, alikuwa amepigilia kipande cha tairi, kama anavyovalisha magurudumu ya chukudu.

"Kitu yenye inagusa udongo inavaaka kiatu," alisema. "Chuma inatelezaka. Sasa itashika."

Alikuwa na furaha mno. Nikasema asante mara mbili, moja kwa Kinande, lugha yetu, nikaondoka.

Nyuma ya jikoni nikaijaribu. Wewe unajua tairi inafanya nini ikigusa ardhi: ilishika kweli. Fimbo ikasimama katikati ya nyasi kama punda, mikono ikaniuma hadi mabegani, mpira ukabingirika hatua tano. Nikajaribu tena, tena, tena. Mukaka, bibi yangu, alikuwa anafagia uwanja kabla giza halijaingia, shwa, shwa, shwa, hanyanyui hata vumbi. Aliniangalia kwa muda.

"Kavira, unalima ao unafagia?"

"Ninacheza, mukaka."

"Unalima. Angalia ufagio yangu. Inapita juu, inabeba majani, udongo inabakia."

Nikautazama ufagio. Haukushuka kuchimba. Ulikuja chinichini kutoka mbali, ukapita, ukaenda zake. Nikapiga hivyo, nikiogopa ardhi kama moto, kwa sababu kuigusa tu kulikuwa maumivu. Mpira ukaruka juu ya paa la jikoni na mbwa wa jirani akaufuata.

Jumamosi sikuwa na la kuficha. Mwalimu aliichomoa bois mbele ya watu wote, akaigeuza, akaigusa tairi kwa kidole.

"Nani alivalisha bois yangu kiatu?"

"Ni mimi niliivunja, mwalimu. Tata ya chukudu aliitengeneza."

Watu wa Beni walikaa chini kwa kicheko. Nahodha wao, mvulana mrefu mwenye soksi nyeupe, akasema, "Ba Butembo, basi muache tupakie makabichi juu yake." Hata wenzangu walicheka. Mwalimu hakucheka. Alinipa fimbo.

"Uliivunja, utaipiga wewe. Mara moja tu, ku shimo ya mwisho. Ukilima, unajua kupekupe iko wapi."

Mpaka shimo la nne tulikuwa sawasawa. La tano lilikuwa ng'ambo ya bonde lenye matete na maji meusi. Nahodha wa Beni na mimi tukapiga kwa fimbo za chuma, mipira yetu ikalala karibu karibu, bonde bado liko mbele. Yeye alikuwa na akili: akausogeza wake mpaka ukingoni, avuke kwa pigo la tatu. Mimi nikaomba bois. Mtu akasema, "Mama ya chukudu anapita, mutoke ku barabara." Nilisikia shwa, shwa ya mukaka masikioni, nikaivuta fimbo nyuma taratibu, nikafagia.

Hakuna sauti kama ile. Chuma cha leo kinalia kama sufuria. Mbao ilisema *tok*, mara moja, na mpira ukaondoka chini, ukapanda, ukavuka matete yote, ukatua ng'ambo na kukimbia hadi hatua nne kutoka kwenye kopo. Nyasi pale nilipopiga zilikuwa zimesimama zote. Mwalimu alikuja akazikagua kwa kiganja. Nahodha alivuka vizuri, lakini alikuwa ametumia pigo moja zaidi yangu, na katika golf mwenye mapigo machache ndiye mshindi; lile pigo hakulirudisha tena.

"Jumamosi yenye inakuja," mwalimu aliniambia tukishuka, "kupekupe uache nyumbani."

Samaki walifika, wakubwa kama viatu, tukawala na bugali na pilipili. Nilimpelekea jirani kichwa kimoja cha samaki, kilicho kinono. Akauliza jambo moja tu: kiatu kilishika vizuri?

"Kilishika sana, tata."

Sikumwambia kwamba pale uwanjani hakikugusa kitu.

Mwezi uliopita nilipanda kile kilima. Chai hakuna. Uwanja umejaa nyumba za mabati, na bondeni, penye matete, wanaoshea pikipiki. Mwalimu alihama, mukaka tulimzika, na karakana ya jirani sasa ni ya fundi wa pikipiki, kijana mwenye heshima, ambaye hakumjua mzee yule isipokuwa kwa jina. Bois yenyewe hakuna anayejua ilikoenda. Labda iliwasha moto wa maharagi. Mikaratusi mitatu bado imesimama.

Nilimwomba fundi kipande cha tairi kuukuu, upana wa vidole vitatu, anigandishie chini ya bois yangu nyeusi ya bei kubwa. Sheria za mashindano zinakataza. Kwa mazoezi hakuna wa kunizuia. Alifanya kazi kwa makini, akaipuliza vumbi, akaniuliza ni ya nini.

"Ili isiguse chini," nikasema.

Akaniangalia kama mtu aliyesema uongo. Nikasimama pale pale mbele ya karakana, palipokuwa na maranda ya mbao zamani, nikaweka mpira kwenye nyasi chache zilizobaki, nikafagia. Nyasi zilibaki zimesimama.