Shahidi Aliyewapa Mgongo

Barua ya uhamiaji ilimkuta Seini akifunga lu, nyama ya tui ndani ya majani ya magimbi, majani yakimnata vidoleni, ikamharibia Jumapili nzima. Mwaka wa nne huu ameolewa na Darryl, mzaliwa wa Brisbane hapa Australia, dereva wa lori anayekoroma kama lori lenyewe. Ukaazi wa kudumu ulibaki hatua moja tu. Sasa wakubwa wanasema shahidi wake mwenyewe kaandika: "Sijawahi kuwaona hawa wawili wamekaa pamoja." Afisa atakuja nyumbani kuhoji. Akiona ndoa ni ya makaratasi, Seini atarudi Tonga na sanduku lake.

Na shahidi ni nani? Sitiveni, kaka yake wa tumbo moja, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwao.

"Kaka yako hanipendi," Darryl akasema. "Hata siku ya harusi alikula nje. Nikimsalimia anaangalia viatu."

Neno hilo lilimwingia Seini. Kwao Tonga kaka hakai chumba kimoja na dada aliyekwisha kukua, wala hasikilizi habari za mapenzi yake. Hilo alilijua tangu utotoni. Lakini adabu ni kunyamaza, siyo kuiandikia serikali. Au anataka nirudi Tonga nikamuuguze mama, yeye abaki huku akinenepa? akawaza. Siku zote hizo akawa anamchungulia kwa pazia. Sitiveni akikata majani, Seini anajiuliza ana furaha gani.

Alhamisi afisa akafika, mama mwenye miwani ya mnyororo. Akafungua kabati, akahesabu miswaki, akauliza nani huamka kwanza. Kisha akasema, "Niitieni huyo kaka."

Sitiveni akaja amejifunga mkeka kiunoni, vazi la heshima la kwao, kama anakwenda kanisani. Alipofika mlangoni akawaona wawili hao kwenye kochi moja, akageuka hapo hapo. Akasimama barazani, mgongo kwao, macho kwenye uzio.

"Ingia, bwana."

"Nasikia vizuri nikiwa hapa, mama."

"Uliandika hujawahi kuwaona wamekaa pamoja."

"Ndiyo. Niliapa kusema kweli. Wakikaa pamoja, mimi naondoka. Yule ni dada yangu."

"Umesikia?" Darryl akamnong'oneza mkewe. "Anatumaliza."

"Kwa hiyo hujaona kitu," afisa akasema, kalamu tayari.

"Leo nimeona." Masikio ya Sitiveni yalikuwa yameiva. "Mwambie shemeji atoe mkono kwenye goti la dada yangu. Nimeitwa kusema kweli, sikuitwa kuonyeshwa mambo yale."

Seini akatazama goti lake. Mkono wa Darryl ulikuwa pale, umejikalia kama ulivyozoea. Wenyewe hawakuwa na habari nao. Afisa naye akautazama, kisha akaandika kwa muda mrefu. Seini akajaribu kusoma kwa juu juu, asiambulie kitu.

Sitiveni alitia sahihi yake dirishani, bila kugeuza shingo.

Kibali kilitoka kabla ya Krismasi. Seini akampikia kaka yake lu sita, akaziacha barazani kwake, akagonga na kuondoka kabla mlango haujafunguliwa. Kisha akarudi kwenye pazia lake, aone kama atazila.