Simu isiyo na nembo na swali la Mama Kibano

Saa mbili asubuhi Mama Kibano anafungua dirisha la kibanda chake, anatandika kitambaa cheupe mezani na kupanga skrubu za simu ya mteja kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Wakati huo ukimsemesha hujibiwi. Mkononi ana kile kibano chembamba kilichompa jina.

Leo lakini hana utulivu. Mara kwa mara anaitupia jicho droo yenye kufuli. Humo mna simu nyeusi isiyo na nembo ya kampuni yoyote, iliyookotwa chini ya kiti na shemeji yake, mhudumu wa mgahawa wa ng'ambo ya barabara.

Kijana mmoja mhandisi anasema ni yake. Anadai ni kifaa cha majaribio ambacho bado hakijaingia sokoni, kwamba kipo kimoja tu, na kwamba alikisahau alipokwenda kula. Wakubwa zake watakikagua kesho. Kisipoonekana, hana kazi.

Mtaa mzima umegeuka mahakama. Muuza viatu wa kibanda cha pili anaapa kwamba kampuni huziacha simu za namna hiyo makusudi ili zizungumzwe. Shemeji, ambaye angependa iuzwe yaishe, anasema kijana ni tapeli aliyekosa hata uongo mzuri.

"Una simu ya pekee duniani, halafu unaisahau kwa sahani ya chakula?" anauliza.

Mama Kibano alirithi ufundi huu kwa marehemu mumewe, na ndio unaomlisha yeye, mama mkwe wake na watoto wawili. Siku njema hupata simu saba, siku mbaya moja au hakuna. Matapeli amewaona wa kila rangi. Ndiyo maana anayedai simu kwake haulizwi rangi wala bei. Huulizwa simu yake inaumwa nini.

"Bei hata mwizi anaijua," anasema. "Mwenyewe ndiye anayejua kitufe kipi hakibonyezeki."

Kijana aliulizwa swali hilo juzi, wateja wamejaa dirishani. Alijibu bila kusita kwamba simu yake haina ugonjwa wowote. Mama Kibano alikuwa ameshaichaji, ikamuunguza kidole. Bila kumwonyesha simu, akamwambia iliyopo si yake, aende zake, na watu wakamcheka hadi alipokata kona.

Jana Mama Kibano aliifungua. Ndani alikuta nyaya zimelehemiwa kwa mkono, nyingine zimerudiwa mara mbili, na betri imeegemezwa kwa kipande cha boksi kilichokatwa kwa mkasi.

"Roho iliniuma," anasema. "Kuna mtu kahangaika na kitu hiki. Kama ni yule kijana, basi nilimtaka mzazi ataje kasoro za mwanawe mbele ya watu. Nani angekubali?"

Kama ni yule kijana. Hapo ndipo alipokwama, maana nyaya hazisemi zimelehemiwa na nani. Asubuhi hii amemtuma shemeji akamwite. Shemeji ameenda akinung'unika, na hakwenda mbali: kijana yuko mgahawani, anachungulia chini ya viti.

Kijana anapoingia kibandani, Mama Kibano anamwomba muuza viatu, aliyesogea kusikiliza, akaangalie biashara yake, anashusha pazia la dirisha na kumvutia kijana kigoda. Anamuuliza swali lilelile, kwa sauti ya chini.

Kijana anageuka kulitazama pazia.

"Inachemka, mama," anasema. "Upande wa kushoto, ikiwa kwenye chaji. Niliweka boksi, halikusaidia. Kazini nimewaambia iko sawa."

Mama Kibano anafungua droo na kumkabidhi. Kijana anaipokea kwa mikono miwili, machozi yanamlengalenga. Anashukuru, anaomba radhi, anashukuru tena, kisha anasimama aondoke.

"Na kesho akiishika mkubwa wako, ikamuunguza?" Mama Kibano anamuuliza. "Kaa, mwanangu. Dawa yake hata mimi siijui. Tuifungue, tuhangaike wote."

Kijana anakaa. Mama Kibano anakunja kazi ya mteja ndani ya kitambaa, skrubu na vyote, na kutandika kingine. Anatumaini hadi jioni watakuwa wameupata ugonjwa. Wakishindwa, mpango wake ni kufunga kibanda kesho asubuhi na kumsindikiza kijana hadi mlango wa kazini kwake, ili aingie akawaambie wakubwa kwamba inachemka.

Kijana anasema hatathubutu.

"Mbona mimi umeniambia," anamjibu, na kumpa bisibisi.