Jumanne Haikuwa Zamu Yake

Mume wangu Eliakunda ana maoni. Nasema hivyo kama mwingine anavyosema mume wangu ana kisukari. Akipiga mswaki ana maoni juu ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Akinywa chai ana maoni juu ya nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, ni za nani na nani anaweza kutuzimia. Ana duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi hapa Same, karibu na stendi, na mteja aliyekuja na cheti cha kuzaliwa huondoka anazijua nchi tano zenye kura ya turufu, atake asitake.

Kwa miaka mingi maoni hayo alikuwa akiyapeleka kwenye ukurasa wake katika mtandao mmoja mkubwa wa huko ng'ambo. Ukurasa uliitwa Same Inaitazama Dunia. Wasomaji hawakuwa wengi na nusu yao walikuwa wanamtukana, lakini walimsoma, na mimi nyumbani nilipata kupumua. Siku moja akaandika makala ndefu, nusu Kiswahili nusu Chasu, lugha yetu Wapare, akiuliza kwa nini nchi hamsini na nne za Afrika hazina hata kiti kimoja cha kudumu pale vita vya dunia vinapojadiliwa. Kesho yake ukurasa haupo. Ujumbe ulisema amekiuka kanuni za jamii.

"Jamii ipi?" akaniuliza, kana kwamba nimeufunga mimi. "Mama Agape, hiyo jamii ni ipi? Imekaa wapi? Nani kanijadili?"

Akakata rufaa. Jibu likarudi kabla hajaiweka simu mezani: tumepitia shauri lako kwa makini, uamuzi unabaki palepale. Nani kapitia, na kwa makini gani? Mashine ambayo haijui hata kusalimia kwa Chasu ndiyo imesoma Chasu chake ikaona ubaya. Akakata rufaa tena, na tena, na kila mara jibu lilikuwa lilelile, neno kwa neno. Nilikasirika na mimi. Mtu wa kumfunga mdomo mume wangu, kama yupo, basi ni mimi.

Ndipo akatokea Fredrick, fundi kompyuta wa Moshi ambaye walisoma pamoja Mhezi, kijijini kwetu milimani. Akamweleza kwamba siku hizi kuna mitandao isiyo na mwenye mmoja. Kila kundi la watu linaweka kompyuta yake, ndiyo seva, linajitungia kanuni zake, na seva hizo zinapashana habari zenyewe kwa zenyewe dunia nzima. Ukichoka na kwenu unahamia seva nyingine na wafuasi wako wote, hakuna wa kukushika miguu.

Eliakunda akaruka kitini. "Kumbe ni ndiva!"

Kwa asiyetoka kwetu, ndiva ni bwawa la udongo na mawe huko milimani. Maji ya kijito yanalala humo, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani, leo kwa hawa, kesho kwa wale. Kila kitongoji kina ndiva yake na mlima ni mmoja. Laiti neno hilo angelisema kwangu tu na kuishia hapo.

Seva ikaja ikawekwa sebuleni kwangu, juu ya kabati la vyombo, inavuma mchana kutwa. Mimi ni fundi cherehani na kazi yangu inataka pasi. Nikichomeka pasi, umeme unayumba na Eliakunda anapiga kelele kwamba naua mawasiliano ya ukoo. Luku ikiisha tuko gizani, naye anahangaika na seva, mke baadaye. Jumapili moja akapanda Mhezi, akasubiri ibada iishe, akasimama nje ya kanisa na kuwatangazia watu kwamba sasa wana mtandao wao, hauna bosi, hauna mzungu, waachane na makundi yao ya zamani kwenye simu. "Ni kama ndiva," akawaambia. "Ni yenu."

Watu wa Mhezi ukiwaambia kitu ni kama ndiva, wanajua la kufanya. Ndiva ina kamati. Ndiva ina zamu. Ndiva ina msaragambo, ile siku ya kazi ya wote, na asiyefuata taratibu anaitwa kujieleza. Haikupita muda kamati ikachaguliwa, na mwenyekiti akawa Shangazi Beatha, dada wa marehemu baba mkwe wangu, mwanamke ambaye amekaa kwenye kamati ya maji tangu nikiwa msichana na bado anawatazama watu kama wanaotaka kumwibia. Wakapanga zamu za kuandika. Jumatatu watu wa juu, Jumanne watu wa bondeni, na kuendelea hivyo. Ijumaa sisi tuliohama. Jumamosi jioni, kazi zikiisha, mambo ya dunia. Jumapili kimya.

"Zamu za kuandika!" Eliakunda alilia. "Intaneti haina zamu! Imeonekana wapi?"

Nilimwambia arudi akawaambie si kama ndiva. Hakwenda, maana watu walikuwa wamejiunga kwa wingi mno, wa Mhezi, wa Chome, walioko Dar, hata mmoja aliyeko Oman, na walikuwa wanamsoma kila Jumamosi. Shangazi Beatha naye hakuwa malaika. Aliwahi kuifuta picha ya harusi ya mteja wangu Victoria kwa sababu ya mikono ya gauni, gauni nililoshona mimi. Nilinuna wiki nzima.

Kisha ikaja ile Jumanne. Huko New York wakapiga kura juu ya kusimamisha vita, karibu wote wakanyoosha mikono kukubali, mmoja akakataa, ikawa basi. Eliakunda aliisikia redioni. Nilimwona akichukua simu nikamwambia, "Baba Agape, leo si zamu yako." Akasema watu wanakufa huku tunangoja Jumamosi. Akaandika. Akaandika tena. Hadi jioni alikuwa ameijaza ndiva yote peke yake, veto na nyaya za baharini na bei ya bando, andiko juu ya andiko.

Chini ya hayo yote lilizama tangazo la Jenifer wa bondeni, kwamba lori la kabichi linakuja Jumatano alfajiri na watu waje wamsaidie kukata jioni hiyohiyo. Zamu ilikuwa yao. Hakuna aliyeliona. Lori lilikuja, likakuta kabichi zimesimama shambani, likaondoka karibu tupu, na dereva akasema hapandi tena mlima kwa watu wasiojua wanachotaka.

Tuliitwa. Ilikuwa Jumamosi ya msaragambo wa kuzoa tope kwenye ndiva, ile ya maji. Tulishika majembe kama wengine, na tope lilipokwisha watu wakaketi ukingoni, miguu imejaa matope, Shangazi Beatha juu ya jiwe.

"Shikamoo shangazi," alisema Eliakunda, na sauti ilikuwa ya ugomvi.

"Marahaba, mwanangu. Jumanne ilikuwa zamu ya nani?"

"Shangazi, mnanifanyia kama walivyonifanyia wale wa kampuni. Mmenifunga mdomo."

"Wale wa kampuni walikuita?"

"Hapana."

"Mimi nimekuita. Sema."

Basi alisema. Mungu wangu, alisema! Alianza na waliogawana dunia baada ya vita vile vikubwa, akaja kwenye nchi tano, akaeleza kwamba mmoja wao akikataa hata dunia nzima ikitaka ni bure, akafika kwenye mashine inayowahukumu watu kwa lugha isiyoijua. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini hakuna aliyenyanyuka. Maua, jirani wa Shangazi, akanyoosha mkono uliojaa tope na kuuliza, "Kwa hiyo huyo mmoja akisema sitaki, wote wanarudi nyumbani?" Eliakunda alimgeukia. Miaka yote ya ukurasa ule walimsifu na kumtukana. Sijui kama kuna aliyewahi kumuuliza swali. Akamjibu polepole, kwa adabu, kama mwalimu.

Kisha Jenifer akasimama akaeleza habari ya kabichi zake. Hakupiga kelele. Alisema zimeanza kupasuka shambani na kwamba anaona aibu kumwambia mumewe kosa si lake. Nilimwona Eliakunda akitazama chini.

Kamati ikakata shauri: mwezi mzima asiandike chochote, na amtafutie Jenifer lori. Lori alilikubali palepale. La kunyamaza lilimchoma.

"Nitahama," alisema. "Fredrick ameniambia naweza kuhamia seva nyingine leo hii."

"Hama," alisema Shangazi Beatha. "Njia iko wazi. Ila nataka kujua kitu. Hiyo kompyuta iko sebuleni kwako. Siku ukikasirika ukaamua kuizima, ni nani kati yetu atakayekuzuia?"

Eliakunda aliokota jembe lake akaanza kushuka mlima.

Njia nzima ya kurudi Same alikuwa akimwandikia Fredrick, akimuuliza seva inazimwaje bila kuharibika. Nilimfahamu vya kutosha kuogopa. Asubuhi nilikuwa kwenye cherehani nikasikia ule mvumo umekoma. Nikatoka nikamkuta ameshachomoa waya, kompyuta iko mikononi mwake, na hasira iliyonipanda sikuwa na pa kuiweka. Nilimwambia yote. Nilimwambia hana tofauti na wale anaowasikia redioni, kwamba amekataliwa na watu wake mara moja tu na tayari anawazimia taa. Nilimwambia namwonea haya.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Nipe lile blanketi jepesi," alisema. "Barabara ni mbaya, nisije nikaivunja."

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa wenyewe."

Ikakaa Mhezi, kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa, na ufunguo akauacha kwa kamati. Alishinda huko akifunga nyaya na kuwafundisha wanakamati namna ya kuiwasha na kuizima. Sebuleni kwangu kukawa kimya, nikapiga pasi nilivyotaka. Ila sikuwa nimepiga hesabu vizuri: mtu aliyekatazwa kuandika mwezi mzima, maoni yake yanakwenda wapi? Yalikuja kwangu. Nilishona sare za shule huku nikielezwa biashara ya silaha. Nilimenya ndizi huku nikielezwa nani anamiliki setilaiti. Nilihesabu siku kuliko yeye.

Jumatatu moja, adhabu ikiwa bado haijaisha, simu yake ikaanza kulia mfululizo. Akaisoma, akasimama, akakaa. Maua alikuwa ameandika. Ilikuwa zamu ya watu wa juu, na Maua, ambaye sijawahi kumsikia akizungumzia kitu kilicho mbali zaidi ya Hedaru, alikuwa amewauliza wenzake kama ni haki mtu mmoja kuwakatalia wote. Na walikuwa wanamjibu. Mmoja alisema hata kwenye kamati ya maji mambo hayo yapo. Mwingine alisema Afrika ikipewa kiti tutagombana wenyewe nani akikalie. Yule wa Oman alikuwa amekasirika kabisa. Waliandikiana mchana kutwa, na hakuna hata mmoja aliyetukana.

Mume wangu alisoma yote, midomo ikitikisika. Machozi yalimlengalenga, na mimi nikajifanya natafuta sindano. Halafu akapiga kofi mezani.

"Saba! Maua kaandika nchi zenye kura ya turufu ni saba! Na wote wanaendelea naye! Ni tano, jamani, ni tano!"

Akaigeukia simu kama anayetaka kuingia ndani yake. Akaishika, akaiweka, akaishika tena. Mwisho akanisogezea mimi.

"Mama Agape, wewe hujafungiwa. Niandikie neno moja tu. Andika tano."

Niliitazama simu, nikamtazama yeye. Miaka yote nimemwomba Mungu ampe watu wengine wa kuongea nao.

"Leo Jumatatu," nilimwambia. "Sisi zamu yetu Ijumaa."